Damu katika Mimba Changa

Katika vikao vyetu na akina mama wa Kasingirima swali moja hurudi kila mara: "Nimeona damu na mimba bado changa. Je, imetoka?" Si lazima. Takriban mimba moja kati ya nne huonyesha damu ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, na karibu nusu ya hizo huendelea vizuri.

Mimba ikiharibika mapema, mara nyingi sababu ni kasoro katika chembe za urithi tangu ilipotungwa. Haitokani na kubeba ndoo ya dagaa, wala ugomvi wa nyumbani, wala jicho la jirani. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu mawifi na mama wakwe hupenda kumlaumu mtu ambaye tayari ameumia.

Tunaloliogopa zaidi ni mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, kwa kawaida kwenye mrija. Mrija hautanuki kama mfuko. Mimba ikikua huupasua, na damu humwagikia ndani ya tumbo isikoonekana. Ndiyo maana mama anaweza kuona matone machache tu kwenye nguo, akasema si neno, kumbe ndani anaishiwa damu. Dalili zake ni maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja, maumivu kwenye ncha ya bega, kizunguzungu na kuzimia. Hapo asingojewe mume arudi kutoka ziwani. Apelekwe Kituo cha Afya Ujiji au Hospitali ya Maweni usiku huo huo.

Aende upesi pia anayejaza pedi mbili kwa saa moja, na mwenye homa pamoja na uchafu unaonuka, kwani huenda mabaki ya mimba yameoza ndani. Mwenye damu kidogo bila maumivu naye aende, ila anaweza kungoja asubuhi. Atapimwa mkojo, wingi wa damu na malaria, na altrasaundi ikiwezekana.

Dawa za miti za "kusafisha kizazi" ziachwe kabisa. Wapo pia wanaojificha wakihofu kudhaniwa wametoa mimba. Huduma baada ya mimba kuharibika hutolewa kwa kila mwanamke, vyovyote ilivyoharibika. Mhudumu aelezwe ukweli wote, pamoja na dawa zilizonywewa, ili ajue aanzie wapi.

Vikundi vya kuweka na kukopa vitenge nauli ya dharura. Bodaboda wa usiku hakopeshi.