Farumi na Chaki: Vidokezo kwa Mwalimu wa Historia

1. Anza na kitu kimoja. Ukionyesha picha ishirini za utumwa, wanafunzi watakumbuka projekta tu. Mimi huanza na picha ya pande la chuma lililoliwa na kutu, miongoni mwa yaliyopelekwa kuonyeshwa makumbusho ya Smithsonian, Washington. Usiwaambie ni nini. Mmoja atasema nanga, mwingine jiwe la mizani. Mabaharia wa pwani yetu wanalo jina lake: farumi, uzito wa kukituliza chombo kisiyumbe. Lilitoka kwenye São José, meli ya Wareno iliyopakia watu zaidi ya 400 Kisiwa cha Msumbiji, Desemba 1794, iwapeleke Brazil. Watu ni wepesi kuliko shehena ya kawaida, basi pengo la uzito likajazwa chuma. Hapo darasa hunyamaza lenyewe.

2. Usikimbilie Ghana. Vitabu vyetu huacha hisia kwamba utumwa wa Atlantiki ni habari ya Afrika Magharibi. São José ilizama Cape Town, wakafa zaidi ya 200; walionusurika wakauzwa hukohuko. Mwaka 2015 wapiga mbizi waliweka pale udongo kutoka Msumbiji, uliotolewa na wazee wa Kimakua. Unafundisha Masasi? Huenda una Wamakua darasani.

3. Pima, usiigize. Mchoro maarufu wa Brookes, meli ya Liverpool, uliochapishwa na wapinga utumwa 1788, unampa kila mwanamume nafasi ya futi 6 kwa futi 1 na inchi 4: kama sentimita 183 kwa 41. Azima futi ya fundi cherehani, chora kwa chaki sakafuni. Ishia hapo. Niliwahi kuona watoto wakilazwa ndani ya mistari. Wengi walicheka, mmoja akalia, somo likapotea.

4. Pingu zisitawale. Onyesha nishani ya mfinyanzi Mwingereza Josiah Wedgwood, 1787: Mwafrika mwenye minyororo, kapiga magoti. Waulize: kwa nini magoti, na nani aliamua? Kisha waeleze kwamba mwaka 1791 watumwa wa Saint-Domingue waliinuka wenyewe, na kufikia 1804 nchi ilikuwa Haiti.

5. Shule haina umeme? Leta robo kilo ya sukari, uimwage kwenye sahani. Mashamba ya miwa ya Brazil na Karibi ndiyo yaliyowatafuna wengi wa watumwa waliovushwa Atlantiki. Usisahau kuificha kabla ya kengele ya mapumziko.