Vigeu vya Mazingira katika Skripti za Klasta
Kigeu cha mazingira ni jina linalobeba thamani ambayo programu huisoma inapoendeshwa. Katika klasta zinazotumia Slurm, mtafiti wa isimu-kopasi anaweza kuwasilisha skripti moja yenye agizo --array=1-100 ili kuchanganua faili 100 za matini. Kila kazi hupewa kigeu SLURM_ARRAY_TASK_ID chenye nambari yake. Iwapo jina la faili ya matokeo halitabeba nambari hiyo, kazi zote zitaandika mahali pamoja na kufutiana matokeo. Aidha, vigeu havifasiriwi katika mistari ya #SBATCH, kwa kuwa sheli huichukulia kuwa maoni tu. Humo, jina la faili hubeba alama %a. Hivyo basi, kama ilivyo katika sarufi, mahali pa kipashio huathiri maana yake.