Mada ya Uzazi: Miezi ya Kati ya Ujauzito

Mtahiniwa, swali la ujauzito mara nyingi hujibiwa vizuri mwanzoni, kwenye urutubishaji, na mwishoni, kwenye kujifungua. Katikati wengi huandika "mtoto anaendelea kukua" kisha wanarukia uchungu wa kuzaa. Hapo alama hupotea. Kipindi cha pili, yaani wiki ya 14 hadi ya 27 (mwezi wa nne hadi wa sita), kina mambo yake.

Anza na hesabu. Umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, siyo tangu siku ya urutubishaji. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, urutubishaji hutokea wiki mbili hivi baadaye. Kwa hiyo mimba ya wiki 20 ina kijusi chenye umri wa wiki 18 hivi. Soma swali vizuri ujue unaulizwa kipi.

Kufikia kipindi hiki kondo la nyuma limeshachukua kazi ya kutengeneza projesteroni iliyokuwa ikifanywa na ovari. Homoni ya hCG, inayohusishwa na kichefuchefu, imeshuka kutoka kilele chake. Ndiyo maana wajawazito wengi hupata nafuu: kutapika kunapungua na hamu ya kula inarudi. Kijusi nacho kinakua haraka. Wiki ya 20 huwa na uzito wa gramu 300 hivi. Wiki ya 27 kinakaribia kilo moja. Mapafu bado hayajakomaa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya hatari kwa mtoto anayezaliwa kipindi hiki.

Mama mwenye mimba ya kwanza huanza kuhisi mtoto akicheza kati ya wiki ya 18 na 20. Aliyewahi kuzaa huweza kuhisi hata wiki ya 16. Kijusi kilikuwa kikijongea tangu mapema, ila kilikuwa kidogo mno kuhisiwa.

Sasa damu, sehemu inayotaka maelezo na siyo kutaja tu. Ujazo wa damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu, lakini utegili huongezeka kuliko chembe nyekundu. Matokeo yake himoglobini kwa kila desilita hushuka, kama chai iliyoongezwa maji. Kushuka kidogo ni kawaida. Ikishuka chini ya gramu 10.5 kwa desilita katika kipindi hiki, ni upungufu wa damu, na ndiyo maana kliniki hutoa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Nyama, dagaa, maharage na mboga za majani husaidia. Mtori ni chakula kizuri, lakini chuma chake kimo zaidi kwenye nyama kuliko kwenye ndizi. Chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzwaji wa chuma, chungwa huuongeza. Hamu ya kula udongo, ule unaouzwa sokoni kwa mafungu, huambatana mara nyingi na upungufu wa chuma. Udongo hautibu upungufu huo, na unaweza kubeba mayai ya minyoo.

Kumbuka pia kwamba damu ya mama na ya kijusi hazichanganyiki. Oksijeni na virutubisho hupita kwenye kuta nyembamba za kondo. Kwenye kiungamwana, vena moja hupeleka damu yenye oksijeni kwa kijusi, na ateri mbili hurudisha damu yenye kabonidayoksaidi. Wengi hukariri kinyume kwa sababu wamezoea ateri kuwa ya oksijeni.

Malaria nayo huingia hapa. Kutoka Bomang'ombe ukipanda kwenda Machame hali ya hewa inapoa na mbu wa anofelesi wanapungua. Ukishuka tambarare kwenye mashamba ya mpunga wanaongezeka. Lakini watu hupanda na kushuka kila siku, kwa hiyo kuishi mlimani si kinga. Mjamzito hulala kwenye chandarua chenye dawa, na kuanzia kipindi cha pili hupewa dozi za SP kliniki, zikipishana angalau mwezi mmoja. Anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU hapewi SP.

Shinikizo la damu kwa kawaida hushuka kidogo miezi hii. Kwa hiyo kipimo cha 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20 si cha kupuuzwa, hasa kukiwa na protini kwenye mkojo. Kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, na uso au mikono kuvimba ni dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Isipotibiwa, hali hii huweza kuleta degedege, yaani kifafa cha mimba. Si mashetani wala kurogwa, na kusubiri asubuhi kunaweza kuua. Kutokwa damu au maji ukeni nako ni dharura. Mimba ya kwanza na umri mdogo huongeza hatari ya kifafa cha mimba, kwa hiyo kama msomaji wa ukurasa huu ni mjamzito mwenyewe, usifiche, nenda kliniki. Tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyeacha shule kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi baada ya kujifungua.

Jaribu swali hili. Siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho ya mama mmoja wa Bomang'ombe ilikuwa 10 Machi. Tarehe 4 Agosti anafika Hospitali ya Wilaya ya Hai. (a) Mimba ina wiki ngapi? (b) Muuguzi atarajie kukuta kilele cha mji wa mimba wapi?

Jibu: (a) Machi siku 21, Aprili 30, Mei 31, Juni 30, Julai 31, Agosti 4. Jumla siku 147. Gawanya kwa 7 upate wiki 21. (b) Karibu na kitovu, kwa kuwa kilele hufika hapo wiki ya 20 hivi. Kuanzia wiki ya 24, urefu kutoka mfupa wa kinena hadi kwenye kilele, kwa sentimeta, hukaribiana na idadi ya wiki.