Dondoo muhimu: Kuta za zege ndani ya povu
Nchini Kanada, ambako mkandarasi Werner Gregori alibuni mfumo huu miaka ya 1960, mafundi hupanga matofali matupu ya povu la polisterini, hufunga nondo, kisha humimina zege katikati. Povu halibomolewi, hubaki pande zote mbili kuzuia baridi.

Adui mkubwa ni haraka. Zege likijazwa hadi juu kwa mkupuo mmoja, msukumo wake hupasua povu. Fundi makini huzunguka nyumba nzima akimimina takribani mita 1.2 kila mzunguko, huku vibreta nyembamba ikitoa hewa. Kabla ya hapo, miimo ya kushikilia ukuta ifungwe na timazi ipimwe: zege likishashika, ukuta uliopinda haunyooshwi.

Ndani, povu lifunikwe kwa bodi za jipsamu, kwani likiungua hutoa moshi mzito.