SOMO LETU: MWAMBA UNAOPIKA MAFUTA



Wengi wetu hupita kila siku njia panda ya Sonatubes, Kigali, iliyopata jina kutokana na kiwanda cha mabomba ya chuma. Bei ya mafuta ikipanda, bei za sokoni hupanda nayo, kwa maana mafuta yetu huja kwa malori kutoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Uganda iligundua mafuta Ziwa Albert mwaka 2006. Januari 2025 maofisa wa madini wa Rwanda nao walitangaza dalili za mafuta chini ya Ziwa Kivu. Je, tushangilie? Kwanza tujifunze.

Mafuta huanza na uhai. Miani na masalio ya mimea huzama chini ya ziwa, mahali pasipo na hewa, yakafunikwa na tope. Tope juu ya tope, mwishowe huwa mwamba. Lakini mwamba huo bado mbichi. Hauna budi kuzikwa zaidi ili upate joto.

Tufanye hesabu. Tuseme juu ya ardhi pana digrii 25, na kila kilomita tunayoshuka joto huongezeka digrii 30. Kilomita 1 ni digrii 55: mbichi. Kilomita 3 ni digrii 115: mafuta hupikika. Kilomita 5 ni digrii 175: mafuta huvunjika yakawa gesi. Ni kama chungu cha maharagwe: moto mdogo hayaivi, moto mwingi yanaungua. Na upishi huu huchukua mamilioni ya miaka.

Tusidanganywe na kina cha leo. Mwamba ulio kilomita 1 sasa huenda zamani ulizikwa kilomita 3, kisha ardhi ikainuka na mvua ikamomonyoa udongo wa juu. Tutajuaje? Fundi wa kuchomelea mabomba anajua: chuma kilichopata moto hubaki na rangi kando ya kiungo, hata kikishapoa. Vivyo hivyo, vipande vidogo vya miti ndani ya mwamba hung'aa zaidi kadiri vilivyopata joto. Hupimwa kwa hadubini. Mng'ao wa karibu asilimia 0.6 huonyesha mafuta yameanza kutoka, ukipita 1.3, hutoka gesi zaidi.

Na gesi ya Kivu? Hiyo imeyeyuka ndani ya maji ya kina. Hutokana na kazi ya vijidudu na hewa za volkano, haikungoja kuzikwa. Tangu 2016 kituo cha KivuWatt, Karongi, kinaigeuza umeme. Ni mali ya kweli, lakini si ushahidi wa mafuta. Ushahidi huletwa na kisima kilichochimbwa.

Maswali ya kujadili:
1. Mwamba ulizikwa kina gani?
2. Ulipata joto kiasi gani, kwa muda gani?
3. Mafuta yakipatikana, mfanyakazi atapata nini?

Anayetuahidi utajiri, tumwulize yote matatu.