SOMO: UGONJWA WA AKILI SI UCHAWI



Tulifika boma moja huku Nyamira tukamkuta kijana amefungwa kamba. Alikuwa akijibizana na sauti. Wazazi walishauza ng'ombe kumlipa omoragori, na jirani yao, mama mjane, alishatajwa kuwa omorogi. Hatukuwalaumu, maana nasi tulilelewa na hofu hiyo hiyo. Lakini tunajua inakofika: Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kusingiziwa uchawi. Basi tujifunze.

1. SKIZOFRENIA. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawasikii, huamini anafuatwa au anawekewa sumu, hujitenga, na maneno yake hayashikani. Mara nyingi huanza ujanani. Duniani kote humpata mtu 1 kati ya 300 hivi. Kwa hiyo si laana ya Abagusii.

2. MAGONJWA YA HISIA. Mmoja ana huzuni nzito kwa wiki mbili na zaidi: halali, chakula hakipiti, jembe limemshinda, anasema heri afe. Mwingine hupanda na kushuka: mwezi huu halali, anaongea mbio, anagawa pesa ovyo, mwezi ujao hainuki kitandani.

TUFANYE NINI?

- Kamba si dawa. Anzeni zahanati, mwandikiwe rufaa hadi hospitali kubwa ya Kisii. Nauli itoke kwa mchango wa kikundi.
- Dawa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Wengine hupewa vidonge, wengine sindano ya kila mwezi. Akitetemeka au kukakamaa, mrudisheni kwa daktari; asiache dawa mwenyewe.
- Bangi na chang'aa humzidishia. Azuiwe kwa upole.
- Akitaja kufa, muulizeni waziwazi kama anataka kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Ondoeni kamba na dawa ya kupe, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.
- Tumwombee, ndiyo, lakini maombi na dawa viende pamoja.

Kijana yule sasa anachuma majani chai. Siku nyingine sauti humrudia, naye anajua aende wapi. Lakini yule mjane bado haendi kisimani peke yake. Huyo naye ni kazi yetu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kijijini kwetu, nani amefichwa nyumbani?
2. Nani ametajwa kuwa mchawi, na ni nani kati yetu atakayemtembelea wiki hii?