Kuhariri Wikipedia: Somo kwa Anayeanza

Kila mwananchi mwenye rununu anaweza kusahihisha habari zinazosomwa kuhusu kijiji, wadi na kaunti yake. Kazi hiyo ina kanuni, na asiyezijua huishia kufutiwa alichoandika.

Mwanafunzi wa Kilifi anapopewa zoezi kuhusu Magofu ya Gede, mara nyingi kimbilio lake la kwanza ni rununu ya mzazi. Anaandika jina, na miongoni mwa majibu ya mwanzo hukuta ukurasa wa Wikipedia. Anachokikuta hapo ndicho anachonakili daftarini. Kikiwa sahihi, amefaidika. Kikiwa na kosa, kosa hilo litasomwa kesho yake mbele ya darasa zima.

Wengi hawajui kwamba ukurasa huo unaweza kurekebishwa na mwalimu wake, na mzazi wake, na hata mwongoza watalii wa pale Gede.

Wikipedia ni nini

Wikipedia ni kamusi elezo ya mtandaoni iliyoanzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger nchini Marekani. Kwa Mswahili, wiki ni siku saba. Hapa neno hilo limetoka lugha ya Kihawaii, na maana yake ni haraka: ukurasa unaoweza kubadilishwa papo hapo, bila kumsubiri mhariri mkuu.

Tawi la Kiswahili lilianza mwaka 2003. Mwaka 2009 kampuni ya Google ilidhamini shindano lililowahimiza wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania kuliandikia. Hata hivyo safari bado ni ndefu. Wikipedia ya Kiingereza ina makala zaidi ya milioni 6, ilhali ya Kiswahili ina makala chache zaidi, na nyingi ni fupi mno. Makala fupi kama hizo huitwa mbegu, kwa kuwa zinangoja wa kuzikuza.

Shirika linaloendesha mitambo yake, Wikimedia Foundation, halitafuti faida. Haliuzi matangazo bali hutegemea michango. Wanaoandika na kusahihisha ni watu wa kujitolea, kila mmoja akiwa kwake.

Siku ya kwanza ya mgeni

Chukua mfano wa mwanagenzi aliyewekwa katika ofisi ya mawasiliano ya kaunti. Anafungua ukurasa wa kaunti yake na kuona idadi ya watu iliyoandikwa ni ile ya sensa ya 2009. Anajisajili, anabonyeza sehemu ya kuhariri na kuweka idadi mpya. Kwa kuwa ameshaingia, anaongeza aya mbili alizonakili kutoka tovuti ya kaunti, zikisema kuwa kaunti hii inaongoza kwa maendeleo chini ya uongozi shupavu wa gavana.

Anaporudi baada ya chakula cha mchana, aya zote mbili hazipo, na idadi ya watu imerudi ilivyokuwa.

Anaudhika. Anajiambia kwamba mtu asiyejua hata Kilifi iko wapi amemfutia kazi. Anazirudisha aya zake, zinafutwa tena. Wageni wengi huishia hapo na kukata tamaa. Mwanagenzi huyu anafanya jambo moja la busara: kabla ya kurudisha mara ya tatu, anasoma sababu alizoandikiwa.

Historia na majadiliano

Kila makala ya Wikipedia ina kurasa mbili nyuma yake ambazo msomaji wa kawaida hazioni. Ya kwanza ni historia. Humo huorodheshwa kila badiliko tangu makala ilipoanzishwa: nani alibadilisha, saa ngapi, na neno gani lilitolewa au kuongezwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ndiyo daftari la Wikipedia, na kwa kuwa kila toleo limehifadhiwa, kosa la mgeni huweza kurekebishwa na alichofutiwa hakijapotea.

Ukurasa wa pili ni wa majadiliano. Hapo wahariri huulizana, hubishana na kuafikiana. Mwenye hoja huiandika, huweka saini yake, kisha husubiri majibu. Wasipoafikiana, hoja haiamuliwi kwa cheo wala kwa kelele, bali kwa ushahidi. Katika Wikipedia ya Kiingereza, anayetengua kazi ya wenzake zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24 anaweza kuzuiwa kuhariri, hata kama alikuwa na haki.

Mwanagenzi anakuta sababu nne za kufutiwa, na kila moja ni somo.

Sababu ya kwanza: hakutaja chanzo

Idadi aliyoiweka ilikuwa sahihi, lakini hakueleza ameitoa wapi. Anayesoma hawezi kutofautisha takwimu ya kweli na ya kubuni. Dawa yake ni nyepesi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,453,787 katika Kaunti ya Kilifi, na ripoti hiyo imechapishwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Akiandika idadi, mwaka wa sensa na jina la ripoti, mtu yeyote ataweza kuhakiki.

Vivyo hivyo kwa Gede. Kwamba mji huo wa kale ulitangazwa turathi ya dunia na UNESCO mwaka 2024 ni habari iliyochapishwa na UNESCO yenyewe. Anayeiongeza anapaswa kuielekeza huko, wala si kwenye ujumbe aliotumiwa katika kundi la WhatsApp.

Sababu ya pili: alinakili

Maandishi ya Wikipedia hutolewa kwa leseni inayomruhusu yeyote kuyatumia tena na kuyabadilisha, mradi aseme yametoka wapi na ayatoe kwa masharti yayo hayo. Kwa hiyo hakuna ruhusa ya kumwaga humo maandishi yenye haki miliki, yawe ya gazeti, ya kitabu au ya tovuti ya ofisi, pasipo mwenyewe kuyaachilia kwa leseni hiyo. Mwandishi husoma vyanzo, huelewa, kisha huandika kwa maneno yake. Picha nazo ni hivyohivyo: piga yako mwenyewe, usichukue ya mwingine mtandaoni.

Sababu ya tatu: alisifu

Maneno kama shupavu, maarufu sana na bora kuliko zote hayana nafasi katika kamusi elezo, kwa sababu ni maoni. Ukweli unaopimika ndio unaobaki. Badala ya kusema huduma za afya zimeimarika, mhariri huandika hospitali fulani ilifunguliwa mwaka gani na ina vitanda vingapi, na hutaja chanzo kisicho na maslahi. Na kama kuna ripoti iliyochapishwa inayotaja upungufu, nayo ina haki ya kuwekwa. Wikipedia huita jambo hili kutoegemea upande.

Sababu ya nne: aliajiriwa

Hili ndilo gumu zaidi, na linamhusu kila mtumishi wa umma. Tangu mwaka 2014, masharti ya matumizi ya Wikimedia yanamtaka yeyote anayelipwa kuhariri amtaje anayemlipa. Mfanyakazi wa kaunti anayeandika kuhusu kaunti kama sehemu ya kazi yake ana maslahi, hata kama nia yake ni njema. Akijificha na kugundulika, kila alichoandika kitatiliwa shaka, na ofisi yake itaaibika pamoja naye.

Njia ya haki ipo. Mwanagenzi anaandika katika ukurasa wake wa mtumiaji kwamba anafanya kazi katika serikali ya kaunti. Kisha, badala ya kuugusa ukurasa wa kaunti, anakwenda kwenye majadiliano na kupendekeza: idadi ni ya zamani, mpya ni hii, na chanzo ni hiki. Mhariri asiye na maslahi huliangalia na kuliingiza. Huenda ikachukua siku kadhaa. Lakini badiliko lililopita njia hiyo hudumu, na aliyelipendekeza hubaki na heshima yake.

Uongo ukiingia, hufanywa nini?

Mlango uliofunguliwa kwa wote hauwazuii wakorofi. Mwaka 2005, ukurasa wa mwanahabari wa Marekani John Seigenthaler uliandikwa uongo uliomhusisha na mauaji ya Rais John Kennedy, na ukakaa takriban miezi minne bila kuondolewa. Aliyeandika hakujisajili. Kutokana na kisa hicho, Wikipedia ya Kiingereza iliacha kuwaruhusu wasiojisajili kuanzisha makala mpya.

Siku hizi ziko programu zinazokagua mabadiliko na kutengua matusi ya wazi kwa muda mfupi. Bado, uongo ulioandikwa kwa adabu hupita. Ukurasa wa Kiingereza unaosomwa na wengi hulindwa na macho mengi, ilhali ukurasa mfupi wa Kiswahili kuhusu wadi ya Ganze au Magarini huenda usifunguliwe na mjuzi kwa miezi. Hapo mlinzi wa kwanza ni mwenyeji.

Habari za wazee je?

Swali linaloulizwa sana Pwani ni hili: bibi anaijua historia ya kaya kuliko kitabu chochote, kwa nini maneno yake yasikubaliwe? Kanuni inasema Wikipedia haichapishi utafiti mpya. Hukusanya yale ambayo yamekwisha kuchapishwa mahali panapoaminika, ili msomaji aliye mbali aweze kuhakiki. Asiyeijua Rabai hawezi kumpigia bibi simu.

Ni kanuni inayouma katika jamii ambayo maarifa yake mengi yamo vinywani. Haimaanishi kwamba maneno ya bibi ni uongo. Maana yake ni kwamba yanahitaji kupita hatua moja kwanza: yarekodiwe na kuchapishwa na mtafiti, chuo kikuu, Makavazi ya Kitaifa au gazeti. Misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2008, na mila zake mwaka 2009, kwa hiyo vyanzo vya kuanzia vipo. Na si kila lijulikanalo ni la kuandikwa. Yapo mambo ya kaya ambayo wazee hawayatoi hadharani, na heshima hiyo inapaswa kulindwa hata mtandaoni.

Kila mzee anapofariki kabla ya kurekodiwa, hatua hiyo ya kwanza haiwezekani tena.

Mambo ya kukumbuka

1. Anza na ukurasa wa wadi, mto, shule au mji unaoujua. Usome wote kabla ya kugusa chochote.

2. Fungua historia na majadiliano uone wenzako wamefikia wapi.

3. Anza na dogo: tahajia, mwaka uliokosewa, kiungo kilichovunjika. Makala mpya na isubiri.

4. Kila takwimu iwe na chanzo kilichochapishwa. Usinakili, na usisifu.

5. Andika kwa ufupi, mwishoni mwa kila badiliko, umebadilisha nini na kwa nini.

6. Usijiandikie, wala usimwandikie mwajiri wako au jamaa yako. Pendekeza katika majadiliano.

7. Linda siri za watu. Nambari za simu, makazi na maradhi ya mtu binafsi hayaandikwi.

8. Ukifutiwa, uliza kwa adabu kabla ya kurudisha.

Mwanagenzi wa mfano wetu hakupata sifa zake ukurasani. Lakini juma lililofuata, idadi ya 2019 ilikuwa imeingia, na chini yake jina la ripoti. Mwanafunzi atakayenakili jioni hiyo atanakili iliyo sahihi, na mwalimu akimuuliza ameitoa wapi, atakuwa na jibu.